Jeki Mbili Nyekundu

Jumanne, 2 Aprili 1974

Mvua tangu alfajiri. Nimesafisha kabureta ya trekta, imejaa maji tena. Kuna mtu anaacha kifuniko wazi na hakuna anayekiri. Mikono inanuka mafuta ya taa. Kiburu cha ndizi na maharage nilicholetewa mchana nacho kimenuka mafuta ya taa. Nimekula hivyo hivyo.

Kamati imeamua. Banda la farasi litakuwa ghala la mbolea. Yule jike mzee aliyeachwa na Mzungu shamba lilipokabidhiwa kijiji atahamia ndani ya tela lake. Si kusafiri. Kuishi. Mwenyekiti anasema ng'ombe wetu wanafungwa ndani mwaka mzima, wanaletewa majani, samadi inakwenda mgombani, kwa nini farasi asifungwe? Watu wazima wakaitikia. Ng'ombe husimama akacheua. Farasi hatulii, anarudi nyuma, anapiga teke. Mzee Ndesario, ambaye amemtunza jike huyu tangu alipokuwa mtoto, aliwaambia. Wakamcheka. Nimechukizwa nao wote.

Mimi ni fundi wa shamba. Kwa hiyo kazi ya kulisimamisha hilo tela lisicheze ni yangu.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimeingia ndani ya tela. Kinyaa. Panya wamezaa kwenye nyasi za mwaka jana, na mkojo wa zamani unachoma macho. Chini kuna magurudumu mawili tu, katikati, tairi zimelala. Bila trekta kulishika mbele, farasi akirudi nyuma hatua mbili, mbele kunapanda na nyuma kunapiga chini. Aliye ndani ajiombee.

Linataka jeki nne. Moja kila pembe, chini ya chasisi, si chini ya sakafu iliyooza. Kila jeki juu ya ubao mpana, maana udongo wetu ukilowa unameza kila kitu.

Stoo zipo za aina mbili. Nne za skrubu, za Mzungu, zimeshika kutu. Ukiizungusha ikafika juu, inabaki juu. Mbili za mafuta, mpya, nyekundu, Katibu alizileta kutoka mjini. Hizo ni za kubadilishia tairi. Ukiziacha na mzigo usiku kucha zinashuka zenyewe. Nimeziloweka za skrubu kwenye dizeli. Jioni zote nne zilizunguka. Nimefurahi kidogo, nakiri.

Jumamosi, 6 Aprili

Leo jeki zimepigiwa kura. Naandika hivi ili nisije nikadhani niliota.

Mkutano ulianza saa nane. Mwenyekiti aliziweka jeki zote mezani, za kutu upande huu, nyekundu upande ule. Akauliza wanakijiji wanataka mabaki ya mkoloni au maendeleo. Nilieleza juu ya mafuta kuvuja. Nikaeleza tena. Mtu akauliza kama nina hisa kwenye kutu. Kicheko. Mate ya Mwenyekiti yalikuwa yananirukia shavuni anapohutubia, na sikuthubutu kujifuta.

Saa kumi na mbili ndipo kura ikapigwa. Nilikuwa na njaa. Pombe ya mbege ilikuwa inanisubiri kwa shemeji. Nikanyoosha mkono pamoja nao. Mzee Ndesario peke yake hakunyoosha. Alinitazama.

Za skrubu zimeamuliwa kuwa chuma chakavu. Kesho zinakwenda kwa mhunzi kufuliwa mapanga.

Jumanne, 9 Aprili

Tela limesimama. Mbele lundo la mawe, nyuma jeki mbili nyekundu. Mwenyekiti alizunguka akilipiga makofi ubavuni kama anasifu fahali.

Farasi aliingizwa saa nne. Alitoka jasho jeupe. Mzee Ndesario alimshika kichwa akimwambia maneno ya Kichagga ambayo sisi huwaambia watoto wanaoumwa. Nilitazama pembeni.

Jioni nimepima. Jeki ya kulia imeshuka vidole viwili. Nimeipandisha.

Alhamisi, 11 Aprili

Vidole vitatu jana. Vinne leo asubuhi. Kila asubuhi naamka kabla ya watu, napiga jeki mpaka tela linyooke, wao wanakuja wanakuta kila kitu sawa. Leo Mwenyekiti amenisimamisha mbele ya wavuna majani. "Si unaona, fundi? Zako za kutu zingefanya nini zaidi?" Wote wakacheka, hata wale wasiojua jeki ni nini.

Nimechoka kuwa mjinga wao. Gogo moja la mgrevilea chini ya kila pembe ya nyuma lingetosha, yapo nyuma ya karakana, kazi ya nusu saa. Sitaweka. Kesho sitapandisha jeki pia. Wao ndio waliochagua. Acha lipinde, watoke kanisani walione, Mwenyekiti atafute pa kuficha uso.

Ijumaa Kuu, 12 Aprili

Nilikwenda kanisani moja kwa moja. Sikupitia shambani. Nilidhani na Mzee Ndesario atakwenda kanisani kwanza.

Alikwenda kulisha kwanza.

Tulisikia kelele tukiwa kwenye wimbo wa pili. Jeki ya kulia ilikuwa imelala kabisa. Farasi alirudi nyuma, tela likapiga chini, mbele kukapanda, naye akamwangukia mzee kwenye pembe. Tulimtoa kwa kung'oa mbao. Paja limevunjika. Hakupiga kelele. Aliuliza farasi yukoje.

Farasi alivunjika mguu wa nyuma. Bwana Nyama, yule afisa wa wanyamapori, alikuja na bunduki saa tisa. Mlio haujatoka masikioni. Na kabla damu haijakauka kuna mtu aliuliza kama nyama ya farasi huliwa, mwingine akamkumbusha kuwa leo ni Ijumaa Kuu. Nilitapika nyuma ya karakana. Karibu na magogo.

Jumanne, 16 Aprili

Mzee yuko wodini mjini, plasta mpaka kiunoni. Katibu ameandika taarifa. Inasema mtunzaji aliingia kwenye tela bila kukagua usalama. Amenipa nitie sahihi kama fundi.

Sijatia. Nimesema tela lilianguka kwa sababu ya jeki. Sikusema kwamba nilijua siku ile litaanguka. Nusu ya ukweli, halafu nikajiona shujaa njia nzima. Nanuka kuliko lile tela.

Jumamosi, 20 Aprili

Mzee amerudishwa nyumbani. Na Mwenyekiti ameshatuma sale. Jani limefungwa fundo, limepelekwa na mzee wa ukoo, watu wanatazama. Huku kwetu ukiletewa sale hukatai. Unalipokea, unasamehe, yamekwisha. Mzee Ndesario amelipokea akiwa amelala chali. Mwenyekiti jioni alikuwa kilabuni anacheka. Sijawahi kumchukia mtu hivi.

Mke wangu amenikatia sale moja uani, ameliweka juu ya meza. Anasema peleka na lako, ulale. Ni jani zuri, halina doa. Nimelitazama muda mrefu. Nikilibeba, yule mzee hana la kufanya ila kusema ndiyo.

Jumapili, 21 Aprili

Nimekwenda mikono mitupu.

Shikamoo. Marahaba. Nikasema yote nikiwa nimesimama. Mkono nilionyoosha kwa sababu ya njaa. Magogo. Kwamba Ijumaa niliacha jeki zishuke makusudi, nikitaka Mwenyekiti aaibike. Alikuwa hajui hilo la mwisho. Niliona likiingia.

Alitazama mikono yangu, akatafuta sale, hakuliona. Kisha akasema, "Sikusamehe."

Nikasema, "Ndiyo, Mzee."

Nilikuwa nimefika mlangoni akaniita. Akauliza kama Ijumaa nina kazi, maana plasta inakaguliwa mjini na hana wa kumtelemsha hadi barabarani. Nikasema sina kazi.

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua ilipumzika asubuhi. Tulimfunga mguu kwenye ubao, nikambeba mgongoni na mpwa wake akaushika ubao nyuma. Ni mzito kuliko anavyoonekana. Njia inateleza, tulipumzika mara tatu. Kwenye kijito aliniambia nikanyage kushoto, jiwe la kulia linacheza. Nikakanyaga kushoto.