Manukato ya Muuza Omena

Mpendwa Baba Debora,

Nakusalimu katika Bwana kutoka Kisii mjini. Huku mvua hunyesha kila alasiri, na leo ilinikimbiza ndani ya duka la manukato. Mwenye duka huchanganya udi na waridi kwa mkono wake, na kichupa cha saizi ya kidole ni ghali kuliko chupa kubwa ya supamaketi. Nilidhani wanunuzi ni matajiri tu. Kumbe aliyekuwa mbele yangu ni mama kutoka Mosocho, muuza omena, wale samaki wadogo wa ziwani.

"Dada, si haya ni ya wakubwa?" nikamuuliza.

Akacheka. "Wakubwa hawanuki samaki. Mimi naoga, najisugua na ndimu, na bado Sabato watu wanahama benchi langu. Nikipaka haya, wanakaa."

Nilimkumbuka mtu, mume wangu. Mama Achieng', yule anayetuuzia samaki huko Kitale, akiketi kando yangu kanisani, mimi huhama nikisingizia upepo wa dirisha. Wewe ni shemasi, unawaonyesha watu viti. Sabato nitakayorudi, mketishe kwenye benchi letu, na uniwekee nafasi kando yake.

Mungu awafunike wewe na watoto.

Wako,
Mama Debora