Mume Wangu Hakufika Kileleni

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kwa jambo ambalo sijamwambia hata padri, maana yule nikimwambia, mji mzima wa Żywiec utalijua kabla ya chakula cha mchana.

Mume wangu Gerwazy alifariki mwezi Machi mwaka jana kwenye mlima Babia Góra. Chama chao cha wapanda milima kina orodha ya vilele, na sharti ni uvipande vyote majira ya baridi, peke yako, na upige picha kwenye nguzo ya kileleni; Gerwazy alikuwa amebakiza hicho kimoja na baridi ilikuwa inaelekea kuisha, basi akaondoka alfajiri na chupa yake ya chai, na mchana akanipigia simu, upepo unavuma hata simsikii vizuri, akasema, "Bogna, mlima umenitukana matusi yote. Sifiki. Nageuza. Nipashie ile supu ya kabichi chachu," nami nikamwambia, "Heri urudi, viazi navyo vimeiva," na hayo ndiyo yakawa maneno yetu ya mwisho, kwa sababu ukungu ulimkuta njiani, akapotea, na waokoaji walimpata kesho yake chini ya msonobari, ameganda.

Kwa kuwa alikutwa ameelekea chini, wote wakadhani alikuwa anatoka kileleni. Picha haikuwepo, lakini mwenyekiti wao, Bwana Zenobiusz, alinishika mkono pale makaburini akaniambia, "Shemeji, marehemu hadaiwi picha," akatangaza mbele ya jeneza kwamba Gerwazy amemaliza orodha. Wanaume wazima wakalia. Mimi nikanyamaza, na nikuambie kweli, nilifarijika, maana Jumapili zote nilizokaa peke yangu mezani, yeye yuko milimani, zilikuwa angalau zimezaa kitu.

Sasa Jumamosi hii wanabandika kibao chenye jina lake kwenye nyumba ya wapandaji, na Kajetan, mwanangu wa pekee, amenunua vyuma vyenye meno vya kufunga kwenye buti ili zisiteleze barafuni, anataka kupanda Babia Góra siku hiyohiyo, peke yake, kisha amalize vilele vyote kama baba yake. Nimemsihi, akanijibu, "Mama, acha hizo. Baba alikuwa na goti bovu na alifika. Mimi nishindwe na nini?" Nikisema ukweli nitamvua marehemu heshima mbele ya watu, nikinyamaza mwanangu ataondoka na zile buti. Nifanye nini?

Bogna, Żywiec

Bi Bogna, pole. Kukaa na simu ya mwisho ya mume mwaka mzima bila kumwambia mtu ni mateso, na sikulaumu kwa kunyamaza makaburini. Nakulaumu kwa kunyamaza wiki hii.

Heshima gani hiyo unayoilinda? Mumeo alikuwa amebakiza kilele kimoja, baridi inaisha, chama kizima kinamsubiri, na bado akageuza na kukuomba supu. Wanaume wengi wa hicho chama wasingeweza. Hilo ndilo jambo kubwa alilofanya juu ya mlima ule, na wewe umelificha ili apewe kibao cha jambo ambalo hakulifanya.

Leo jioni mkalishe Kajetan mezani, umwambie maneno ya baba yake kama ulivyoniandikia mimi, matusi ya mlima na supu vikiwemo. Atakasirika. Atakuuliza kugeuza kulimsaidia nini, wakati alikufa vilevile. Usimdanganye: aligeuza kwa kuchelewa, na alikuwa peke yake, hakuna wa kumshika mkono ukungu ulipoingia. Akisema bado anakwenda, mwambie aende na mwenzake, na usimfichie buti, maana atanunua nyingine.

Kesho asubuhi mpigie Zenobiusz. Atakuomba uache mambo yalivyo, kibao kimeshachongwa. Mwambie akichonge upya au asikibandike, na usikubali chai wala machozi yake.

Siwezi kukuahidi kwamba kijana atabaki nyumbani. Lakini akiwa kule juu, upepo ukimgeukia, atamkumbuka baba yake, na afadhali amkumbuke alivyokuwa kweli. Baba yake alikuwa anarudi nyumbani kula.

Leokadia