Yule Mzee Hakuwa Analilia Mbuzi

Jumapili, saa kumi na moja jioni, Kericho. Jana ilinyesha mvua ya mawe, mabati yakapiga kelele hadi majirani wakaacha kuongea. Leo ni baridi tu. Mikono yangu inatetemeka, na si baridi.

Kama unasoma hii na unanijua, tafadhali usinipigie simu. Sina la kusema. Naandika kwa sababu nikinyamaza nitapasuka.

Wacha nianze na Baba.

Baba yangu alifanya kazi kiwanda cha chai, upande wa kukausha majani, lakini si hiyo iliyompa jina. Kila Jumapili mchana, baada ya kanisa, alikuwa anaonyesha filamu kwenye holi ya kambi yetu ya wafanyakazi. Deki moja ya video, televisheni moja, benchi za mbao. Wengi hawakusikia Kizungu, kwa hivyo alikuwa anazima sauti kabisa, anasimama kando na kipaza sauti, anatutafsiria. Kusema alitafsiri ni kumheshimu tu. Baba alitia chumvi hadi filamu ikawa yake.

Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa katuni ya zamani kuhusu miungu ya Wagiriki. Msichana mchunga mbuzi anapanda mlima wa miungu kuuliza kwa nini kwao mvua haishuki. Mkubwa wa miungu, yule wa kurusha radi, Baba alimwita Meneja Mkuu. Mwenye kuzimu akawa nyapara wa boila. Radi ikipiga, Baba anapaza sauti, "Haya, Meneja amekasirika, leo stima inapotea!" Watu wanashika mbavu.

Halafu kulikuwa na yule mzee. Kabla msichana hajaanza safari, babake anamketisha kwenye jiwe, anamshika mkono, analia hadi mabega yanatikisika. Na Baba anasema, "Jameni! Mzee analilia mbuzi wake! Yule wa maziwa! Amekufa leo asubuhi!"

Mimi nilikaa benchi ya mbele kabisa. Nilikuwa nacheka hadi naanguka chini. Niliiona hiyo katuni zaidi ya mara ishirini, na mara zote nilianguka. Hata leo kwangu mtu akilia bure tunamwambia aache kulilia mbuzi.

Sasa jana. Mwenzangu pale dukani tunapouza dawa aliniwekea katuni za zamani kwenye flashi, za binti yangu Neema, ana miaka minane. Neema alikuwa mazoezi ya kwaya. Nikasema wacha nichungulie kabla hajarudi. Nikaiona ile ya Wagiriki. Aki nilipiga makofi peke yangu! Miaka yote hiyo, na sasa nitaisikia na sauti yake yenyewe.

Nilicheka kwa Meneja. Nilicheka kwa nyapara. Mzee akamketisha msichana kwenye jiwe, nikajiweka tayari kucheka.

Hakutaja mbuzi.

Alimwambia msichana kwamba hawakumzaa. Walimkuta njiani, mlimani, amefungwa kwa kitambaa, na hawakuwahi kuuliza ni wa nani kwa sababu waliogopa mtu angejibu.

Nilirudisha nyuma. Nikasikiliza tena. Nilirudisha mara tano, nikiwa nimesimama katikati ya nyumba na rimoti mkononi kama mwizi.

Utaniambia Baba hakuelewa Kizungu. Wapi! Ni yeye aliyekuwa anasomea kambi nzima gazeti na kuwaandikia watu barua za kuomba likizo. Tena hakuwahi kuonyesha filamu bila kuiangalia nyumbani kwanza, sauti ikiwa juu, daftari magotini. Alijua mzee anasema nini. Alijua, akachagua mbuzi.

Kwa nini?

Nilimpigia Mama. Niliuliza kwa mzaha, kweli. "Mama, unamkumbuka yule mzee wa mbuzi? Kumbe Baba alikuwa anatuuzia uongo!"

Mama ni mtu wa kucheka. Hakucheka. Nilisikia akiweka sufuria chini, halafu akasema, "Nyathina, kesho ukitoka kanisani kuja hapa nyumbani." Nyathina ni mtoto wangu, kwa Kijaluo. Huwa ananiita hivyo nikiwa mgonjwa.

Nilikaa sakafuni hadi Neema akarudi.

Leo usiniulize mahubiri yalihusu nini. Nilifika Kiptere, Mama anakoishi tangu Baba astaafu, nikamkuta amepika chai na hajainywa. Baba tulimzika miaka sita iliyopita, kwa hivyo alikuwa peke yake na hiyo chai. Hakuzunguka. Namshukuru kwa hilo, hata kama kwa mengine bado sijui.

Mama ndiye aliyekuwa mlezi kwenye nyumba ya watoto pale shambani, wanapoachwa watoto wadogo mama zao wakienda kuchuma. Ninajua hilo, nimekulia hapo. Lile ambalo sikujua ni hili.

"Mamako alikuweka kwa mikono yangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, king'ora cha kiwanda kikilia," alisema. "Akachukua kikapu akaenda na wenzake. Jioni kila mama alikuja kuchukua mtoto wake. Ukabaki wewe."

Yule mwanamke alikuwa kibarua, ana siku nne tu kazini. Hakuna aliyemjua vizuri. Walimtafuta, chifu akaambiwa, karatasi zikaandikwa. Mama na Baba walikuwa wameoana miaka tisa bila mtoto.

Nimeambiwa hivyo tu, mbele ya kikombe cha chai baridi, nikiwa na miaka thelathini na nne.

Jina langu ni Akinyi. Kwa Wajaluo ni msichana aliyezaliwa asubuhi. Maisha yangu yote nimejigamba kwamba nilizaliwa king'ora kikilia, Baba alinisimulia kila siku yangu ya kuzaliwa. Kumbe hiyo ni saa niliyopokelewa. Saa ya kuzaliwa hakuna anayeijua. Pengine mimi ni Atieno, wa usiku. Pengine hata si Mjaluo. Wakipsigis nao huita watoto kwa saa, kwa hivyo pengine mahali fulani Bomet mimi ni Chebet, wa mchana. Nimekaa hapa najiita haya majina moja moja, na hakuna hata moja ninaloitika.

Hasira ilinipata juu ya kitu cha ajabu. Nilimpigia Mama kelele, Mungu anisamehe. "Kambi nzima ilijua! Mlikaa kwenye hiyo holi mkinicheka!"

Mama alitikisa kichwa. Aliniambia Baba alipoiangalia hiyo katuni nyumbani mara ya kwanza, alifika pale kwa mzee akafunga daftari. Akasema, "Siwezi kuyasema haya kwa mdomo wangu na yeye amekaa benchi ya mbele." Lakini filamu ilishatangazwa, na watu walikuwa wanaingoja. Jumapili ikafika, mzee akamketisha msichana kwenye jiwe, na Baba, kipaza sauti kikimtetemeka mkononi, akasema mbuzi.

Holi ilinyamaza, Mama alisema. Wakubwa wote waliona yule mzee halii mbuzi, wakamtazama Baba, kisha mimi kwenye benchi ya mbele, wakaelewa. Hakuna aliyecheka.

"Halafu wewe ukacheka. Ndipo wakacheka. Hata zile Jumapili zingine, Akinyi, walikuwa wanangoja ucheke kwanza."

Baba alipanga kuniambia nikimaliza kidato cha nne. Halafu nikipata kazi. Halafu nikizaa. Halafu akafa.

Nimerudi nyumbani nikiwa nimekasirika naye kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu aliye hai. Mtu mzima! Mtu wa kanisa! Miaka yote hiyo ulishindwa nini, Baba, kuniketisha tu kwenye jiwe?

Neema alikuwa mlangoni, bado amevaa nguo ya kwaya. Akanitazama macho yalivyovimba.

"Mum, umelia tangu jana. Nini?"

Nilifungua mdomo nimwambie. Nilikuwa na maneno yote. Niliona uso wake, jinsi anavyofanana na nyanya yake, ndivyo tunavyosema siku zote, na nikasikia sauti yangu ikisema:

"Mbuzi wa nyanya amekufa."

Neema akanishika mkono.

"Kwani nyanya ana mbuzi?"

Sasa amekaa jikoni anamchorea nyanya kadi ya pole. Namsikia akiuliza mbuzi aliitwa nani, nami namjibu kutoka huku kitandani kwamba sijui, nitauliza. Kesho akitoka shule, kabla hajavua hata viatu, nitamketisha nimwambie.

Baba, leo ndio nimejua ulikuwa unashika hicho kipaza sauti na mkono wa namna gani.