Mnunuzi wa Cherehani Anakuja Saa Nne

Baba watoto,

Maharage yako jikoni, onja kama chumvi imekolea. Mama yako apewe dawa baada ya kula, si kabla. Mnunuzi wa cherehani anakuja saa nne. ~~Mpe, tumeshakubaliana.~~ Usimpe. Mwambie naumwa, mwambie lolote.

Najua utauliza kulikoni. Miezi minane iliyopita sikujua hata kuwasha kompyuta, na leo naanza kazi ya kutunza seva, kompyuta kuu ya hospitali. Asubuhi nilipokuwa nafanya mazoezi ya mwisho niliandika amri moja vibaya, seva ya mazoezi ikazimika yote. Wewe ukacheka: "Fundi cherehani na seva, wapi na wapi!" Ulikuwa unatania, lakini tazama nilivyokata maneno hapo juu. Seva ya leo si ya mazoezi. Hospitali nzima inapanga miadi humo. Nikikosea, mtu atafika na maumivu yake aambiwe jina lake halionekani.

Mwalimu wetu wa kompyuta husema: usibadilishe kitu kabla hujaandaa njia ya kurudi. Njia yangu ni hiyo cherehani. Imetulisha miaka kumi na sita.

Lakini najijua. Nikikumbuka kwamba ipo pale pembeni ya dirisha, kosa la kwanza tu nitaaga na kurudi nyumbani. Basi mpe. Nikipiga simu kukukataza, usipokee.

Akiulizia mkasi, mwambie umepotea. Nimeondoka nao mkobani.

Mama watoto