Baba Mkwe, Dadu na Kiti cha Marehemu Mama

Shangazi mshauri, nisikilize tafadhali, maana nimekwama na sina wa kumweleza. Mimi nashona mapazia nyumbani, naishi na mume wangu pamoja na baba yake, ambaye tangu apate kiharusi kauli imempotea, akili yake iko sawa kabisa ila maneno hayatoki, na mama mkwe alipofariki mzee akabaki na ule ubao wao wa bakgamoni, mchezo wa kete na dadu waliocheza kila siku wakitaniana na kusingiziana wizi. Basi kila alasiri anaufungua, anapanga kete zake, anapanga na za mama, halafu anakaa tu. Roho iliniuma, nikazima cherehani, nikakaa kwenye kiti cha mama nikarusha dadu, wakati hata sijui kete zinaelekea wapi. Nikasogeza moja, akairudisha. Nikasogeza nyingine nikaiacha peke yake, akaigonga kwa kete yake na kuitoa, nikajaribu tena, akanishika mkono kwa nguvu, machozi yanamtoka, na hapo hapo mume wangu akaingia.

"Unamtonesha mzee kidonda," akaniambia. "Hicho ni kiti cha Mama."

Niliona aibu, nikainuka. Tangu hapo sijagusa ubao, lakini Baba bado anapanga kete za pande zote mbili, kisha anageuka kutazama cherehani yangu. Je, nimwombe radhi? Au niufiche ubao asizidi kuumia?

Mkwe Aliyevamia Kiti

JIBU

Mwanangu, uufiche ubao? Thubutu! Umeona kila kitu, kisha ukakielewa kichwa chini miguu juu. Mzee angekuwa amekasirika, angeufunga ubao. Alirudisha kete yako kwa sababu uliipeleka kinyume: zako na zake hupishana njiani, kila mmoja anakimbilia kwake, na dadu ndizo zinazosema hatua ngapi. Ile aliyoigonga uliiacha pweke, na kete pweke ikigongwa huanza safari upya. Zikikaa mbili pamoja, hakuna wa kuzigusa. Hayo ndiyo masomo ya mwanzo, na ameshaanza kukupa bila kutamka neno. Machozi je? Mwache alie. Anamlilia mkewe, si wewe uliyemliza. Na hiyo cherehani haitazami kwa uzuri wake, anakungoja wewe.

Mumeo naye ana msiba wake, usibishane naye. Kama kiti kinamuuma, vuta stuli yako ya kushonea, kisha umwambie, "Njoo uone baba yako anavyonifundisha."

Kesho alasiri weka mapazia kando, wateja watasubiri. Tena usiende kwanza kujifunza kwa jirani ili uje kumfurahisha mzee! Nenda hivyo hivyo hujui, umwachie yeye kazi ya kukufundisha, maana ni muda mrefu hakuna aliyemwomba kitu. Utashindwa, na utashindwa vibaya. Ukishindwa, panga kete upya, umwambie, "Baba, turudie."