Ulimi wa Mlaji Mkuu

Dada yangu,

Nakusalimu mimi kaka yako, ambaye wapishi wa mji huu wakimwona mlangoni huonja sufuria upya. Migahawa yote nimeshaipa ukweli wake. Juzi nikamwambia mama lishe wa pale stendi, "Shemeji, supu gani hii isiyo na chumvi?"

Akaonja, akanitazama kwa huruma. "Kaka, imezidi. Wenzako wamerudisha bakuli."

Ni zile dawa za hospitali, dada. Zimeniua ulimi, na nimechoka kutafuna. Mama yetu hajui kama naumwa. Jumapili mkija, atapika. Nikisifu tu, atashtuka; amezoea nikimkosoa. Basi keti karibu nami. Chumvi ikipungua, nikanyage mguu mara moja. Ikizidi, mara mbili.

Wako, mlaji mkuu