Futi Yangu na Futi Yako

Mollo, Sumbawanga
4 Machi 2024

Mwanangu Zita,

Habari za Kabwe? Sisi ni wazima, ila baridi imemkamata mama yako magoti. Mahindi yamebeba vizuri.

Naandika kwa sababu kwenye simu maneno hunipotea. Nataka kununua futi mpya ya karakana, ya kupimia mbao. Dukani kwa Mwinjuma zipo nyingi, zote zinang'aa, sijui ya kuamini. Wewe una jicho. Nichague ipi?

Baba yako,
Adolfu

Kabwe
21 Machi 2024

Shikamoo Baba,

Mimi mzima. Natengeneza milango, na viti vya boti vikipatikana. Mpe mama pole.

Usitazame kung'aa. Nenda na rula ya chuma, ilaze kando ya futi, usome namba mwanzoni na mwishoni. Kile kichuma kilichopinda pale mbele kicheze kidogo tu, sawa na unene wake, ili kupima ndani na kupima nje kupatane. Kikicheza zaidi, iache. Ukipata nzuri, nunua mbili zinazolingana, ya anayepima na ya anayekata.

Lakini Baba, miaka mitatu hujaniuliza kitu. Ya zamani imefanya nini?

Mwanao,
Zita

Mollo
2 Mei 2024

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Barua yako nimekaa nayo wiki nyingi.

Nilianza kwa kuipima futi yangu ya zamani. Kichuma kimelegea. Ukikisukuma ukutani, kinaongeza zaidi ya nusu sentimita. Ndiyo niliyopimia milango ya nyumba aliyojenga Yonas kule Mwimbi, nikakusomea namba kwa simu. Wewe ulikata sawasawa kwa futi yako. Fremu sita zikakataa kuingia, nami nikamwambia Yonas mbele ya mafundi wake, "Huyu binti hajui kusoma namba."

Nimekwenda Mwimbi kumweleza Yonas ukweli. Alisema wale mafundi walishatawanyika.

Nisamehe. Rudi, karakana ni yako.

Baba yako

Kabwe
30 Mei 2024

Shikamoo Baba,

Poleni na baridi. Nimekusamehe, ila sirudi. Nimekodi chumba karibu na soko la samaki, na wateja wamenizoea.

Yale maneno niliyameza. Kilichonikwama ni asubuhi iliyofuata. Nilikaa stendi ya Sumbawanga, basi la kwanza nikaliacha liende, nikidhani utakuja. Ungesema neno moja tu, ningebaki.

Mwanao,
Zita

Mollo
12 Juni 2024

Mwanangu Zita,

Nakusalimu, sina nguvu ya kuuliza mengi.

Nilikuja. Nilisimama nyuma ya duka la mbegu, nikakuona umekaa juu ya begi la vifaa. Nikajiambia, mwache aende, atarudi mwenyewe kuomba radhi. Basi la pili lilipofika ulinyanyuka, nami nikageuka. Nyumbani nilimwambia mama yako kwamba nilikukosa, na miaka yote hii ameamini hivyo.

Juzi nimemweleza. Alichukua mto wake, akahamia chumba chako.

Baba yako